Mdomo wa Kaka

Karatasi yenyewe ilikuwa moja tu, imechapwa upande mmoja na kubanwa ndani ya faili lililochakaa pembe. Vidole aliisoma akiwa amesimama. Alipofika mstari wa nne alivuta kiti akaketi bila kukaribishwa.

Kwanza tumjue mwenyewe. Vidole hakuzaliwa kiziwi. Akiwa na miaka minne alipitiwa na homa kali, ikamwacha hai ila ikaondoka na masikio yake. Jina la Vidole alilipata ukubwani, katika kiwanda cha mashati alikokuwa akishona kola, mwaka wa tisa sasa. Ukumbi wa kushonea ulikuwa na wanawake mia na ishirini na cherehani mia na ishirini, na makelele yake yaliwarudisha watu nyumbani vichwa vikigonga. Yeye alirudi mzima, na wenzake wakamtania kwamba humo ndani mwenye bahati ni mmoja tu.

Lakini makelele yale aliyajua kwa njia yake. Aliweka kiganja juu ya meza ya mashine, akatulia kidogo, akajua. Mota ikianza kuchoka, ilimtekenya kiganja vingine. Sindano ikikaa upande, aliihisi kwenye kucha. Akafungua, akakaza, akafunga, na mwenye mashine akaendelea na kazi yake.

Hiyo haikuwa kazi aliyoajiriwa. Mashine ikigoma, utaratibu ulikuwa kumwita fundi kutoka karakana. Mafundi walikuwa kumi na mmoja, wanaume watupu. Fundi alikuja akiburuta miguu, akawasha, akazima, kisha akauliza, "Umeifanya nini?" kana kwamba chuma hakiwezi kuharibika mpaka mwanamke akikosee. Kwa hiyo akina mama waliacha kuita. Walimpungia mkono Vidole, naye akaja na bisibisi aliyoificha mfukoni mwa aproni. Fundi akifika baadaye hukuta mashine inakimbia, husaini kadi kwamba ameitengeneza yeye, na kurudi zake karakanani. Ikawa hivyo miaka na miaka, na hakuna aliyeona ajabu.

Siku moja likabandikwa tangazo: anatafutwa fundi wa mashine, nafasi moja, wafanyakazi wa ndani wanaruhusiwa kuomba. Aliyemburuta Vidole mpaka mbele ya ubao alikuwa Mama Pacha, jirani yake wa mashine. Mama Pacha alijifunza ishara kwa kuvizia, na ishara zake zilikuwa kama maneno ya mgeni aliyeshuka garini jana. Alimnyooshea Vidole kidole, akaonyesha tangazo, akakunja ngumi. Maana yake: wewe, omba, la sivyo nakutandika.

Akaomba.

Majaribio ya mikono yalifanyika karakanani, mbele ya mkuu wa mafundi, mtu mzima mmoja waliyemwita Mzee Spana. Waombaji walikuwa saba, yeye peke yake mwanamke. Kila mmoja alipewa mashine tatu zilizoharibiwa makusudi. Vidole alimaliza zote tatu kwa dakika thelathini na tano, kisha akamvuta Mzee Spana mkono wa shati na kumwonyesha mkanda wa mashine ya tatu. Ulikuwa umeanza kupasuka kwa ndani, na huo haukuharibiwa na mtu. Mzee Spana aliutazama, akajikuna kidevu, akaandika namba moja mbele ya jina lake. Vidole aliiona kwa macho yake.

Yakabaki mahojiano. Kiwanda hakikuwa na mkalimani, lakini nani alimhitaji? Kaka yake yupo palepale, dereva wa lori la kiwanda.

Huyu Kaka si wa kutajwa juujuu. Vidole alipopoteza masikio, Kaka alikuwa na miaka kumi, na katika nyumba nzima ndiye pekee aliyekataa kumpigia kelele. Mama alijua ishara tatu: kula, lala, njoo. Kaka alizitunga nyingine pamoja na mdogo wake, wakiwa wamekaa sakafuni, kabla hata Vidole hajapelekwa shule ya viziwi. Alipigana na watoto waliomrushia mdogo wake vijiwe kisogoni waone kama atageuka. Hospitalini, sokoni, mbele ya walimu, mbele ya wageni, mdomo wa Vidole ulikuwa wa Kaka. Kama kuna mtu ambaye angemwachia roho yake aishike wakati yeye anaoga, ni huyo.

Siku ya mahojiano Kaka alikaa ubavuni kwake akiwaelekea wakubwa watatu nyuma ya meza. Kwa hiyo midomo yake, ambayo angeisoma neno mojamoja, Vidole hakuiona. Aliona mambo mengine. Alipojibu kwa kirefu, taya la Kaka lilicheza kidogo tu likatulia. Alipojibu kwa ishara moja, Kaka alisema weee. Mzee Spana, aliyeingia na uso wa furaha, alianza kutazama chini. Afisa utumishi, mama mwembamba mwenye miwani, alimtazama Vidole kwa huruma, ile huruma ya kumtazama mtoto aliyeanguka akajikaza asilie. Vidole alisema moyoni, pengine ndivyo mahojiano yalivyo.

Baada ya wiki mbili jina likabandikwa. Halikuwa lake. Lilikuwa la mtu aliyeshika namba tatu kwenye majaribio, kijana aliyeacha mashine yake ya pili ikitoa moshi.

Mama Pacha alitukana mpaka msimamizi akageuka. Vidole hakuonyesha lolote. Alisubiri saa ya mapumziko, akachukua daftari na kalamu, akapanda ofisini. Akaandika: *Samahani mama. Kwenye majaribio nilikuwa wa kwanza. Nataka kujua nilikosea wapi, ili mara nyingine nisikosee.*

Afisa utumishi alisoma, nyusi zikapanda. Akaandika chini yake: *Hukukosea popote. Si wewe mwenyewe uliyesema huiwezi?*

Vidole alidhani amesoma vibaya. Akarudia. Kisha akamtazama yule mama na kutikisa kichwa polepole, mara moja, mara mbili. Afisa akainuka, akafungua kabati, akatoa faili.

Hapo ndipo tulipoanzia.

Swali la kwanza: *Kwa nini unataka kazi hii?* Vidole alikumbuka jibu lake neno kwa neno. Alisema, naijua, nimeifanya miaka sita bila jina, sasa naitaka na jina lake. Karatasi iliandika: *Anasema alisukumwa na wenzake. Yeye ameridhika alipo.*

Swali la pili: *Mota za chini ni nzito. Utaziinuaje?* Yeye alisema, kwa jeki, kama wanavyoziinua wanaume. Karatasi: *Anasema atahitaji mtu wa kumsaidia kila siku.*

Swali la tatu: *Utaweza kukaa na wanaume kumi na mmoja?* Alijibu, nimewatengenezea mashine miaka yote hiyo, nawadai shukrani tu. Tena alicheka aliposema hivyo, na wakubwa hawakucheka, akashangaa. Karatasi: *Anasema anaogopa.*

Mstari wa nne: *Mwombaji anakiri kwamba kwa kuwa ni mwanamke na pia ni kiziwi, atakuwa mzigo kwa wengine. Anaomba asilazimishwe.*

Ni hapo alipokaa. Mikono ile iliyofungua mota themanini ikashindwa kufungua kalamu. Hakulia. Alikodoa macho kwenye neno *mzigo*. Hakuwahi kulitumia neno hilo juu yake mwenyewe, hata siku mbaya, hata kichwani.

Mwishowe akaandika, herufi zikiyumba: *Sikusema hata moja kati ya haya.*

Afisa utumishi akasoma. Akaandika haraka: *Lakini ni kaka yako!*

*Ndiyo. Ni kaka yangu.*

Walikaa hivyo, wanawake wawili na karatasi moja katikati. Kisha Vidole akauliza jambo ambalo yule mama, kwa kauli yake mwenyewe, lilimnyima usingizi siku nyingi baadaye. Aliandika: *Mtu amewashinda wenzake sita. Halafu anasema kazi hiyohiyo haiwezi. Nyote watatu hamkushangaa?*

Kalamu ya afisa ilisimama hewani. Ikashuka, ikapanda tena. *Hapana,* akaandika. Akaongeza: *Tuliona ni kawaida.*

Chini kabisa ya karatasi palikuwa na visanduku viwili. *Wanawake katika kazi zisizo za kushona: lengo la mwaka limetimia.* Huyo alikuwa karani wa stoo, mwanamke mwenye masikio yake yote mawili. *Walemavu: lengo limetimia.* Huyo alikuwa mfungashaji, mwanamume kiziwi. Vidole alipita kidole juu ya kisanduku cha kwanza, akapita juu ya cha pili. Alikuwa wa ziada kote kuwili.

Kaka alikuwa uani akiosha kioo cha lori. Alimwona mdogo wake akija na karatasi mkononi, na kabla haijamfikia alishajua. Tambara likamponyoka.

"Nani kakupa hiyo?" Kaka akauliza kwa mikono.

"Umesema mimi ni mzigo."

"Ngoja nikueleze."

"Umewaambia naogopa. Umewaambia kwa mdomo wangu!"

Wapakiaji waliokuwa wakila kwenye kivuli cha ukuta waliacha kutafuna. Hawakuelewa ishara hata moja, lakini mikono ya Vidole ilikuwa ikikata hewa kama panga, na hilo halihitaji mkalimani.

Kaka alimshika mabega, akamwachia, maana huwezi kusema umeshika. "Nimekuokoa," alisema. "Mzee Spana mwenyewe aliniita kabla ya mahojiano. Aliniambia, mwanangu, dada yako ni fundi kuliko hawa wote, lakini mle karakanani kuna watu siwaamini. Wana mikono mirefu kwa wanawake. Mwanamke mwingine atamsikia mtu akija nyuma yake, atapiga kelele, atakimbia. Huyu hatasikia kitu. Akaniuliza, wewe kama kaka, utalala? Sasa ungekuwa mimi ungefanyaje?"

Vidole alikuwa ameshuka ngazi zile akiamini mbaya wake ni mmoja. Kumbe Mzee Spana, mtu aliyempa namba moja, alikuwa ameshamfungia mlango kabla hajauingia, tena kwa upole, kama mzazi.

"Anawajua hao watu?" akauliza.

"Anawajua."

"Na wewe unawajua?"

Kaka akatazama pembeni.

"Mnawajua kwa majina. Mmekaa mkapima, hawa wenye mikono mirefu na mimi, nani atolewe. Mkaona mimi."

"Wewe huelewi. Wewe ni mwanamke, halafu..." Mkono wa Kaka uliinuka kuelekea sikioni, ukakwama njiani.

"Malizia."

Hakumalizia. Na pengine mambo yangeishia hapo, kwa hasira tu, kama si wazo lililompiga Vidole kichwani ghafla, baya kuliko karatasi. Mtu hapati ufundi kwa siku moja. Kaka hakutetemeka kwenye yale mahojiano. Alisema uongo wake vizuri, kwa utulivu, kama mtu mzoefu.

"Seremala," Vidole akasema.

Miaka sita nyuma kulikuwa na seremala, mpole, mwenye vumbi la mbao kwenye kope. Alikuja nyumbani mara nne. Alijua ishara moja tu aliyofundishwa na Vidole, ishara ya *habari*, na aliikosea kila mara wakacheka. Mara ya tano hakuja. Kaka alimwambia Vidole kwamba jamaa amesema anataka mke anayeweza kumwita mtoto akielekea kisimani. Vidole alilia wiki nzima, kisha akajifunga kitambaa kichwani akaenda kazini.

"Alisema vile kweli? Seremala?"

Kaka alikuwa na umri wa miaka thelathini na saba, mwenye mke na watoto, na aliinamisha kichwa kama mwanafunzi.

"Alisema anataka kuleta wazee wake," akajibu, mikono ikiwa chini kiunoni, ishara ndogondogo. "Nilimwambia wewe humtaki. Hakujua ishara, Vidole. Angekutunzaje? Ungeumwa usiku, ungemwambiaje?"

Vidole aligeuka akaondoka. Hakurudi kwenye mashine, mara ya kwanza katika miaka tisa. Alitoka langoni na aproni yake, akatembea mitaa mizima pasipo kuona aendako. Kila kona alikutana na jambo jipya la zamani. Yule daktari aliyesema masikio hayatibiki, alisema hivyo? Mwalimu mkuu aliyesema nafasi za kuendelea na masomo zimejaa, zilikuwa zimejaa? Shangazi aliyedaiwa kusema asiende msibani maana atasumbua watu? Miaka ishirini na saba ya maneno ya watu ilikuwa imepita kwenye mlango mmoja, na bawabu wa mlango ule alikuwa akichagua lipi lipite. Hayo mengine hakumuuliza Kaka. Aliogopa majibu.

Nyumbani, mama yao alimwona bintiye ameingia mapema, macho makavu, mekundu. Akamwita Kaka jioni ile, akamuuliza kama alivyozoea, "Mwenzio ana nini? Anasemaje?"

Kwa mara ya kwanza Kaka alisema, "Mama, muulize mwenyewe."

"Nitamuulizaje, nawe unajua sijui?" Mama akamtazama mwanawe, na kwa kuwa alimzaa yeye, akaona. Akamkazania mpaka akasema yote. Alipomaliza, mama alishika kichwa. "Na yangu?" akauliza kwa sauti ndogo. "Niliyokuwa nakuagiza umwambie mwanangu, yalimfika?"

Kaka aliinuka akatoka nje.

Asubuhi Vidole alikuwa ofisini kabla ya kengele. Aliandika kwamba anataka mahojiano mengine, na mkalimani atoke shule ya viziwi, mtu asiyemjua wala kumwonea huruma. Afisa utumishi aliandika kwamba nafasi imeshajazwa. Vidole akaandika: *Sijauliza nafasi. Nataka mahojiano.* Yule mama alipigana na wakubwa wake siku tisa, akaambiwa apeleke jambo hilo kwenye kamati ya wanawake. Kamati ikasema ni suala la walemavu. Mwakilishi wa walemavu akasema hayo ni ya wanawake, tena ya kifamilia. Siku ya kumi afisa utumishi alifungua chumba cha mkutano kwa ufunguo wake na kuwaita watu wale wale watatu.

Mkalimani alikuwa mwalimu wa makamo, sauti kavu. Alikaa upande wa pili wa meza, Vidole akaona kila neno likitoka. Maswali yalikuwa yale yale. Majibu nayo yale yale, ila safari hii yalifika. Alipoulizwa kama ataweza kukaa na wanaume kumi na mmoja, alimgeukia Mzee Spana.

"Mzee wangu," sauti ya mwalimu ilisema, "ulimwambia kaka yangu kuna watu huwaamini. Unawajua kwa majina?"

Mzee Spana alishtuka hata kiti kikalia. "Nilisema kama mzazi."

"Najua. Unawajua?"

"Nawajua," akasema, taratibu.

"Kama ni binti yako, mwenye masikio yake, anafanya kazi mle, ungewaacha watu hao wabaki?"

Yule mtu mzima alivua kofia, akaiweka mezani. Mkurugenzi msaidizi, wa tatu wao, aliyekuwa akicheza na simu yake, akaiweka chini. "Watu gani?" akauliza. "Mzee, watu gani hao?" Ikadhihirika kwamba karani wa stoo alishalalamika mara mbili, na malalamiko yake yaliandikwa kama utani wa kazini.

Hawakumpa Vidole kazi siku hiyo. Kijana wa namba tatu alibaki na nafasi yake. Lakini kabla mwezi haujaisha mafundi wawili waliondolewa kiwandani, nafasi zikawa mbili, na moja ikawa ya Vidole. Mzee Spana mwenyewe alisogeza meza ya kazi ya Vidole mpaka ukutani, ili mgongo wake uwe na ukuta na macho yake yawe mlangoni, na akafunga taa ndogo nyekundu inayowaka mtu akisukuma mlango. Ovaroli ndogo kabisa waliyokuwa nayo ilimpwaya kama gunia. Mama Pacha aliikata na kuishona upya saa ya mapumziko, akimtukana aliyeibuni.

Baadhi ya mafundi hawakumsalimu. Mmoja alisema, akijua hatasikika, kwamba sasa karakana imekuwa jikoni. Kijana wa namba tatu akamjibu, "Basi nenda kamwambie usoni, anasoma midomo." Jamaa hakwenda.

Na Kaka? Waliishi nyumba moja, walipishana mlangoni. Vidole aliacha kupanda lori lake, akawa anakwenda kwa miguu na Mama Pacha. Mama yao, mwenye miaka sitini na tatu, alianza kukaa na Vidole kila jioni akijifunza ishara, vidole vyake vigumu kwa uzee vikitoa matusi pale alipotaka kusema *chumvi*, mpaka binti akaanguka kwa kicheko.

Jumamosi moja Kaka aliingia wakiwa mezani. Alisimama mbele ya mdogo wake, akainua mikono. Alisema amekosa. Hakutaja Mzee Spana, hakutaja seremala, hakusema nilikuokoa. Alisema tu amekosa, na kwamba yapo mengine, na siku atakayoyataka atamwambia yote.

Mama alimtazama huyu, akamtazama huyu. Hakuuliza anasemaje.

Vidole akainua mkono mmoja.

"Bado," akasema.

Akamsogezea kiti.